Kimulimuli, Kamera na Giza: Kuwachunguza Wadudu wa Nuru Katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Katika wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, jua huzama karibu na saa 1 usiku. Wilaya hiyo iko mbali magharibi, na kwa hiyo machweo yake huchelewa kwa takriban nusu saa kuliko machweo ya Dar es Salaam, ingawa saa za nchi ni zile zile. Lakini jua likishazama, giza halisiti. Karibu na ikweta utusitusi ni mfupi, na muda usiotimia saa moja baadaye mabonde yote huwa meusi. Ndipo, katika majira ya mvua, cheche ndogo za rangi ya kijani na manjano huanza kuonekana pembezoni mwa vijito, katika majani marefu na chini ya migomba. Nyingine huruka na kumweka; nyingine hutulia ardhini na kuwaka mfululizo.

Mtu aliyekuja na kamera akitaka kuhifadhi mandhari hiyo hukutana na fumbo. Akiwasha taa ili aone anakokanyaga, cheche zile hupungua mbele yake au hutoweka kabisa. Akitumia taa ya kamera, hupata picha nzuri ya majani, lakini nuru aliyoifuata haimo. Sababu ya fumbo hilo haiko katika ubora wa kamera. Mdudu huyu huandika ujumbe wake kwa nuru, na giza ndiyo karatasi yake. Anayetaka kuusoma ujumbe huo hana budi kwanza kuiacha karatasi ilivyo.

Ni Mdudu wa Namna Gani?

Kimulimuli, aitwaye pia kimetameta, si nzi wala mnyoo. Ni mbawakawa wa familia ambayo wanasayansi huiita Lampyridae, yenye aina zaidi ya 2,000 duniani. Katika Afrika Mashariki zipo aina za jenasi Luciola, ambazo madume yao humweka yakiruka, na aina za jenasi Diaphanes, ambazo majike yao hayana mabawa ya kurukia. Jike wa namna hiyo hufanana na kiluwiluwi chake: mwili mrefu wenye pingili, unaotambaa juu ya nyasi. Kwa sababu ya umbo hilo, lugha kadhaa za Ulaya zimempa jina lenye maana ya "mnyoo wa nuru", ingawa yeye ni mbawakawa kamili.

Sehemu kubwa ya uhai wa mdudu huyu hupita katika hali ya kiluwiluwi, ambayo katika aina nyingi huendelea kwa miezi mingi, na katika baadhi ya nchi za baridi hupita hata mwaka mmoja. Kiluwiluwi ni mwindaji. Viluwiluwi vya aina nyingi hula konokono: humng'ata kwa taya nyembamba zenye mfereji ndani yake, humtilia majimaji yanayompoozesha na kuyeyusha nyama yake, kisha hufyonza mchuzi huo. Mkulima wa mboga anayeona majani ya kabichi yake yametobolewa na konokono ana rafiki katika kiluwiluwi hicho, ingawa mara nyingi hamfahamu.

Kimulimuli akishapevuka, siku zake huwa chache. Wapevu wa aina nyingi huishi kwa siku kadhaa au majuma machache tu, na wengi wao hula kidogo au hawali kabisa. Kazi yao kubwa ni kutafutana, kupandana na kutaga mayai. Katika muda huo mfupi nuru si pambo. Jike asiyeweza kuruka hana njia nyingine nyepesi ya kumwonyesha dume mahali alipo.

Nuru Isiyounguza

Kwa karne nyingi watu walistaajabia taa isiyochoma. Mfaransa Raphaël Dubois, katika miaka ya 1885 hadi 1887, alionyesha kwamba nuru ya viumbe hai hutokana na vitu viwili vinavyokutana: kimoja ambacho huungua kwa utaratibu, alichokiita lusiferini, na kimeng'enya kinachokiwezesha kuungua, alichokiita lusiferasi. Mnamo mwaka 1947 Mmarekani William McElroy aligundua kuwa kwa kimulimuli vitu hivyo haviwaki bila ATP, yaani kemikali ile ile inayobeba nishati katika chembe hai zote, zikiwamo za mwanadamu. Ili kupata malighafi, McElroy aliwalipa watoto wa mji wa Baltimore senti 25 kwa kila vimulimuli 100 waliowakamata.

Ndani ya kiungo cha nuru, kilicho sehemu ya chini ya tumbo, lusiferini huungana na oksijeni kwa msaada wa lusiferasi na ATP. Nishati inayotolewa hutoka zaidi kwa sura ya nuru, na joto lake ni dogo mno. Vipimo vilivyofanywa na wanasayansi wa Japani na kutangazwa mwaka 2008 vilionyesha kuwa kati ya molekuli 100 za lusiferini zinazoungua, takriban 41 hutoa chembe ya nuru. Katika aina nyingi nuru hiyo huwa na mawimbi ya urefu wa nanomita 550 hadi 570 hivi, yaani rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano.

Vimulimuli wanaomweka huweza kuiwasha na kuizima nuru kwa amri ya mishipa ya fahamu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa gesi ya naitriki oksidi hushiriki katika amri hiyo, kwa kuruhusu oksijeni kuzifikia chembe zenye lusiferini. Majike wanaokaa ardhini hawahitaji wepesi huo. Wao huwaka mfululizo, pengine kwa saa nzima au zaidi, kama mtu aliyetundika taa mlangoni akimngojea mgeni.

Lugha ya Nuru

Katika aina zinazomweka, dume huruka akitoa mimuliko yenye mpangilio wake maalumu: urefu wa kila mmuliko, muda kati ya mmoja na mwingine, na jinsi nuru inavyopanda na kushuka. Jike wa aina yake huutambua mpangilio huo na katika aina nyingi hujibu baada ya kipimo fulani cha muda. Kosa la nusu sekunde laweza kuwa tofauti kati ya ndugu na mgeni. Mmarekani James Lloyd, aliyechunguza lugha hiyo tangu miaka ya 1960, alionyesha kuwa majike wa jenasi Photuris huiga jibu la majike wa aina nyingine, humvuta dume mgeni karibu, kisha humla.

Nuru ina kazi ya pili. Viluwiluwi havitafuti wenzi, lakini navyo huwaka. Aina nyingi za vimulimuli zina sumu au ladha chungu mwilini, na nuru ya kiluwiluwi huwaonya vyura na wanyama wengine walao wadudu. Chura aliyekwisha kuonja mara moja hukumbuka ishara hiyo. Kwa hiyo mtazamaji wa usiku hana budi kujua kwamba si kila nuru iliyo ardhini ni ya jike. Kwa kawaida kiluwiluwi huonyesha nukta mbili ndogo karibu na mkia, hutembea, na nuru yake hufifia na kurudi. Jike mpevu hutulia mahali pamoja, mara nyingi juu ya jani au ubua wa nyasi, na nuru yake ni pana na yenye nguvu zaidi.

Mahali na Majira

Ngara ni nchi ya vilima na mabonde inayopakana na Rwanda na Burundi. Mto Ruvubu huingia katika Mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na katika mabonde mengi mna vijito na vinamasi vya mafunjo. Juu ya miteremko kuna migomba, kahawa, maharage na nyasi. Biharamulo, kwa upande wa mashariki, ina misitu ya miombo na maeneo ya hifadhi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Kimulimuli hupenda unyevu, kwa kuwa mayai na viluwiluwi hukauka upesi, na kwa kuwa konokono nao hutembea penye unyevu. Basi mahali pa kumtafuta ni kingo za vijito, pembezoni mwa vinamasi, migomba yenye matandazo mazito, na mipaka ya msitu na majani. Majira yafaayo ni yale ya mvua: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti ni wakati wa ukame. Usiku bora ni ule wa joto kiasi, usio na upepo, uliotanguliwa na mvua mchana, na usio na mbalamwezi. Kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni kifaa cha kwanza cha mtazamaji.

Kutazama Kabla ya Kupiga Picha

Jicho la mwanadamu huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, lakini mwanga mkali wa sekunde chache huiharibu kazi hiyo yote. Mtazamaji hufika mahali pake kabla ya machweo, akazikagua njia, mashimo na vijiti vya kumkwaza, kisha akakaa kimya hadi giza liingie. Akihitaji taa, hufunika tochi kwa tabaka mbili au tatu za karatasi nyekundu ya nailoni na kuielekeza chini. Macho ya vimulimuli wengi huiona zaidi nuru ya kijani na manjano, na nyekundu hafifu huwasumbua kidogo.

Ipo hila moja ya kumkumbusha mgeni. Macho ya buibui hurudisha mwanga wa tochi na kung'aa kama vito katika majani. Tochi ikizimwa, vito hivyo hutoweka. Nuru ya kimulimuli hubaki.

Usalama nao ni sehemu ya elimu. Buti ndefu hukinga dhidi ya nyoka na siafu, na nguo za mikono mirefu hukinga dhidi ya mbu wa malaria. Mtu asiende peke yake. Katika vijiji vya mpakani yafaa serikali ya kijiji ipewe habari mapema, maana tochi zinazotembea mabondeni usiku huweza kuzua hofu. Ndani ya hifadhi ya taifa, ambamo wanyama wakali hutembea usiku, hakuna kuingia wala kupiga picha pasipo ruhusa na askari wa hifadhi.

Kazi ya Kamera

Mwaka 1965 mtaalamu wa Marekani John Buck na mkewe Elisabeth walisafiri hadi Thailand kuchunguza vimulimuli ambao, kwa maelfu, humweka pamoja katika miti ya kandokando ya mito. Wasafiri walikuwa wamelisimulia jambo hilo tangu karne ya 17, na wanasayansi wengi walilitilia shaka. Wengine walidhani ni kupepesa kwa macho ya mtazamaji mwenyewe. Picha za sinema na vipimo vya nuru vilivyochukuliwa huko viliondoa ubishi. Hapo ndipo ilipo thamani ya kamera. Jicho hustaajabu, lakini halina saa ndani yake. Filamu huhesabu.

Leo kazi hiyo haihitaji fedha nyingi kama zamani. Katika Marekani, watafiti Raphaël Sarfati na Orit Peleg wametumia kamera mbili ndogo zinazoona pande zote ili kujua mahali pa kila mmuliko katika anga, na mwaka 2021 walitangaza jinsi madume wa aina ya Photinus carolinus wanavyoanza kumweka pamoja. Hata mpenzi wa kawaida wa viumbe aweza kufanya kazi yenye manufaa akifuata kanuni chache.

Kwa picha ya mnato, kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu isiyotikisika. Lenzi yenye tundu pana, kama f/1.4 hadi f/2.8, huingiza nuru nyingi. Kulenga hufanywa kabla giza halijaingia, kisha lenzi huachwa hapo pasipo kuguswa, kwa sababu kamera haiwezi kujilenga yenyewe gizani. Lenzi huachwa wazi kwa sekunde 15 hadi 30, na picha nyingi za namna hiyo huchukuliwa mfululizo. Dume anayeruka huacha msururu wa nukta au mistari. Jike aliyetulia huacha nukta moja yenye nguvu. Kioo cha nyuma ya kamera hufunikwa, na taa zake ndogo huzibwa kwa utepe mweusi.

Picha hiyo hupendeza, lakini haielezi muda. Kwa kusudi la sayansi, video ni bora zaidi. Usikivu wa kamera huongezwa, pengine hadi ISO 6400 au zaidi, hata kama picha itakuwa na chembechembe. Video yenye picha 25 kwa sekunde huweza kuonyesha mmuliko ulioanza na kwisha katika robo ya sekunde. Kinachotakiwa si uzuri wa majani bali nukta ya nuru na wakati wake. Mwanzoni mwa kila kipande mpigapicha hutamka tarehe, saa, mahali na halijoto. Halijoto si jambo la kupuuza: usiku ukiwa na joto, mimuliko hufuatana upesi zaidi, ukiwa wa baridi, hupungua mwendo. Rekodi isiyo na halijoto haiwezi kulinganishwa na nyingine.

Mambo mawili hayafai kabisa. La kwanza ni kuwasha taa ya kamera. La pili ni kuingia katikati ya majani ili kupata picha ya karibu, maana jike asiye na mabawa hawezi kuukimbia mguu.

Giza Kama Mali

Kamera imefundisha jambo moja ambalo lina maana kubwa kuliko picha. Kile kinachoiharibu filamu ndicho kinachomharibia kimulimuli mwenyewe. Taa inayoufifisha mmuliko mbele ya lenzi huufifisha pia mbele ya macho ya dume. Majaribio yaliyofanywa Ulaya kwa aina ya Lampyris noctiluca yameonyesha kwamba hata mwanga hafifu wa taa za barabarani huwazuia madume kuwafikia majike. Jike huwaka, hungoja, na siku zake chache hupita. Hafi kwa mwanga ule. Hukosa uzao tu. Kwa hiyo bonde laweza kuwapoteza vimulimuli wake pasipo mtu yeyote kuona mzoga hata mmoja.

Utafiti wa maoni ya wataalamu wa nchi mbalimbali, uliotangazwa mwaka 2020, ulitaja hatari tatu kuu: kuharibiwa kwa makazi, mwanga wa taa usiku, na dawa za kuua wadudu. Ngara imeijua hatari ya kwanza kwa namna ya pekee. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa takriban saa 24, na kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Watu wale walihitaji kuni za kupikia, na miti ya eneo pana ikatoweka. Uhai wa binadamu ulitangulia, kama ilivyostahili; lakini tukio hilo lilionyesha jinsi makazi ya viumbe yanavyoweza kubadilika kwa msimu mmoja.

Mabadiliko ya sasa ni ya polepole na yana heri nyingi ndani yake. Katika maporomoko ya Rusumo umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 kwa ushirikiano wa Burundi, Rwanda na Tanzania, na nyaya za umeme zinaendelea kufika vijijini. Hakuna mtu mwenye busara awezaye kumwambia mkunga wa zahanati, au mwanafunzi aliyesomea kibatari, kwamba taa ni adui. Swali ni taa ielekezwe wapi. Taa yenye kofia, inayomulika chini mlangoni na njiani, humtosha mwenye nyumba. Taa ile ile ikiachwa wazi huangaza hadi kijitoni, ambako hakuna anayeihitaji. Rangi ya manjano huenea kidogo kuliko nyeupe yenye ubuluu. Taa inayozimwa watu walalapo huokoa pia fedha. Kadhalika, mkulima anayeacha ukanda wa majani kando ya kijito bila kulima wala kupulizia dawa huwaachia vimulimuli makazi, na huzuia udongo wake usichukuliwe na maji.

Daftari la Usiku

Vimulimuli wa Afrika wamechunguzwa kidogo kuliko wale wa Ulaya, Marekani na Japani. Kwa sababu hiyo daftari la shule ya sekondari ya Ngara au Biharamulo laweza kuwa na habari ambazo hazimo katika maktaba yoyote. Njia yenyewe ni rahisi. Wanafunzi na mwalimu wao huchagua njia ya hatua 100 karibu na kijito, na nyingine kama hiyo karibu na taa za kijiji. Mara moja kila juma, kwa saa ile ile, hupita polepole na kuhesabu nuru za kila upande: zinazoruka na zilizotulia. Huandika tarehe, hali ya mwezi, mvua ya mchana, halijoto, rangi ya nuru, na idadi ya sekunde kati ya mmuliko na mmuliko. Penye simu yenye kamera nzuri, dakika tano za video huongezwa.

Baada ya misimu miwili au mitatu daftari hilo huanza kusema. Litaonyesha vimulimuli huja lini baada ya mvua ya kwanza, wako wangapi penye giza na wangapi penye taa, na kama idadi yao inapanda au inashuka. Baraza la kijiji likikaa kuamua taa mpya ziwekwe wapi, litakuwa na hesabu iliyofanywa na watoto wake lenyewe, tena katika bonde lake lenyewe. Na hesabu hiyo itakuwa imepatikana kwa gharama ya daftari moja, kalamu, kipimajoto, na subira ya kukaa nusu saa bila kuwasha tochi.